Mwanga Uliingilia Wapi? Uchambuzi wa Roli Moja ya Kamera ya Plastiki

Roli ilirudi kutoka maabara bila kukatwa. Kwa kawaida filamu ya 120, ile pana inayoviringishwa pamoja na karatasi kutoka spuli moja hadi nyingine, ikishasafishwa hukatwa vipande vya picha tatu au nne na kutiwa kwenye mifuko yake. Hii ilikuwa mkanda mmoja mrefu, kwa sababu hapakuwa na pa kupitisha mkasi: kila picha ilikuwa imempanda mwenzake. Fundi aliyeuacha mkanda mzima alifanya jambo la busara sana. Mfuatano wa picha ulibaki kama zilivyopigwa, na katika uchunguzi wa kamera inayovuja mwanga, mfuatano huo ni nusu ya ushahidi.

Kamera ni ya mpwa wangu, Holga 120N aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kwa asiyeijua: mwili wake ni plastiki, lenzi ni kipande kimoja cha plastiki chenye urefu wa fokasi wa milimita 60, shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga, ina kasi moja tu ya karibu sekunde 1/100, na umbali huchaguliwa kwa kuzungusha pete yenye vipicha vinne: mtu mmoja, watu wachache, kundi kubwa, milima. Kamera za ukoo huu zilibuniwa Hong Kong na T. M. Lee mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili familia ya kawaida nchini China ipate kamera ya bei nafuu ya filamu ya 120. Hazikuishia huko. David Burnett alikuwa na Holga kwenye kampeni ya urais ya Al Gore mwaka 2000, na picha aliyoipiga nayo ikapata tuzo ya chama cha wapigapicha wa habari wa Ikulu ya Marekani. Nalitaja hilo mapema kwa sababu mpwa wangu alikuwa ameshatoa hukumu.

"Mjomba, hii si ya kutupa tu?"

"Hapana, mama. Tuisome filamu kwanza."

Filamu kabla ya kamera

Watu wengi wakiona mwanga umevuja hukimbilia tepu. Kamera inazungushiwa tepu nyeusi ya mafundi umeme kila pembe, roli inayofuata inatoka afadhali, na mwenyewe hajui mpaka leo ni upande upi uliokuwa ukivuja. Siikubali njia hiyo. Tepu nyingi hufanya kubadilisha filamu kuwe adhabu, joto likizidi gundi hubaki kwenye kingo, na lililo baya zaidi, haigusi kabisa uvujaji ulioko ndani ya mwili. Negativu yenyewe inaonyesha tundu liko wapi, mradi uiulize maswali yanayofaa.

Swali la kwanza ni la upande. Lenzi hupindua mandhari: anga hutua chini kwenye filamu, ardhi hutua juu, na kilichoko kushoto kwako hutua kulia. Mwanga uliovuja haukupita kwenye lenzi, kwa hiyo haukupinduliwa. Unapoigeuza picha ili anga irudi juu, alama ya uvujaji inageuka pamoja nayo. Ndiyo kusema doa lililokaa ardhini limeingilia juu ya kamera, na doa lililoko kushoto mwa picha limeingilia upande wa kulia wa kamera, ukiwa umeishika kama unavyopiga. Nimewaona watu wakiziba upande usiohusika roli baada ya roli kwa kutolijua hili tu.

Swali la pili ni la mpaka. Mwanga ulioingia mbele ya filamu, yaani kwenye chumba kilichoko kati ya lenzi na filamu, hukatwa na fremu, dirisha la plastiki lililoko mbele ya filamu: doa huishia pale picha inapoishia. Mwanga ulioingilia mgongoni au ubavuni haujali fremu. Hutapakaa hadi kwenye ukingo mtupu wa filamu, mahali ambapo lenzi haifiki.

Swali la tatu ni la rangi. Filamu ya rangi ina tabaka juu ya tabaka: linalohisi buluu liko juu, la kijani katikati, na la nyekundu liko chini, karibu na plastiki inayoyabeba yote. Mwanga unaoingia kwa mgongo hulikuta tabaka la nyekundu kwanza. Kwa hiyo uvujaji wa mgongoni hutoka wa chungwa au mwekundu kwenye picha, na ule wa mbele huelekea weupe.

La mwisho ni la mfuatano: doa linarudi pale pale kwenye kila picha, au linazidi kadiri roli inavyokwisha, au limetokea mara moja na kupotea?

Yaliyokuwa kwenye mkanda

Kupandana kwa picha ndiko kulikomtisha mwenye kamera, na ndiko kulikokuwa kwepesi kuliko yote. Mpando ulikuwa na upana uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, karibu sentimita moja. Kama tatizo lingekuwa gia au spuli inayoteleza, mipando ingekuwa haifanani. Upana usiobadilika maana yake kamera imefuata hesabu sahihi ya kitu kingine. Mgongoni mwa Holga kuna kidirisha chekundu cha kusomea namba, na kibati kinachosogezwa kati ya 12 na 16. Ukiweka 16, unafuata safu ya namba za picha nyembamba za sentimita 6 kwa 4.5, ukiweka 12, ni za mraba. Ndani kulikuwa na fremu ya mraba, na kibati kilikuwa kwenye 16. Kukisogeza huchukua muda mfupi kuliko kusoma sentensi hii. Kisha kibandikie tepu kidogo, kwa maana ni chepesi na huteleza mfukoni.

Chungwa lilikuwa habari nyingine. Upande wa kushoto wa picha nyingi ulikuwa na mwali uliotapakaa hadi ukingoni mwa filamu, kwenye picha kadhaa hafifu, kwenye nyingine mkali kiasi cha kula theluthi nzima. Kushoto mwa picha ni kulia mwa kamera. Nje ya fremu ni mgongoni. Basi tulijua pa kuangalia kabla hata ya kuishika. Mgongo wa Holga ni kipande kinachochomoka chote, kikishikiliwa na klipu mbili za chuma zinazoteleza kwenye mbavu za kamera. Mkanda wa kuning'iniza shingoni hufungwa kwenye klipu hizohizo. Kila unapoiacha kamera ining'inie, uzito wake unavuta klipu kuelekea juu, na klipu ikipanda mgongo unalegea. Ya kulia ilikuwa imelegea kiasi kwamba kidole kimoja kiliisukuma. Ya kushoto ilikuwa bado ina nguvu. Hilo pia ndilo lililofanya mwali ubadilike ukali: ulifuata jinsi kamera ilivyoning'inia na muda iliokaa kati ya picha na picha.

Kwenye kila picha, bila kuruka hata moja, kulikuwa na weupe hafifu ardhini, mviringo usio na kingo kali, na uliishia ndani ya fremu. Ardhini ni juu ya kamera. Ndani ya fremu ni mbele ya filamu. Tulipofungua mgongo na kuangalia dari ya chumba, juu ya njia ya lenzi, matundu mawili madogo yalikuwa yanatutazama. Yanajulikana sana kwa wanaozifanyia kazi Holga. Huyaoni kwa nje, na tepu yote ya dunia ukiizungusha nje ya mgongo haiyafikii.

Kingo za juu na chini za filamu zilikuwa na ukungu wa mawimbi. Picha za mwanzo zilikuwa nao kidogo, za mwisho ulikuwa umeingia hadi kwenye picha. Huu si uvujaji wa mwili. Ni roli iliyojiviringisha kwa ulegevu. Kwenye spuli ya kupokea, picha ya kwanza iko ndani kabisa na ya mwisho iko nje. Karatasi ya mgongo wa filamu ikikaa huru, mwanga hupenya kutoka ncha za spuli pale unapoitoa, na wanaoumia ni walioko nje.

Picha mbili zilikuwa na duara jekundu. Hilo ni dirisha la namba. Filamu ya 120 ilitolewa na Kodak mwaka 1901, na filamu za zama hizo hazikuhisi mwanga mwekundu, kwa hiyo kioo chekundu kilitosha kuwa kinga kamili. Filamu za leo zinauona wekundu vizuri kabisa. Kinga iliyobaki ni karatasi tu, na jua kali likipata muda huipita. Na picha mbili nyingine zilikuwa zimetikisika na kuungua kwa mwanga: swichi ya N (kasi ya kawaida) na B, iliyo chini ya pipa la lenzi, ilikuwa imeteleza ikakaa B, ambapo shata hubaki wazi muda wote kidole kinapoendelea kubonyeza.

Tulichobadilisha, na tulichokataa kubadilisha

Tulianza na matundu ya dari. Vipande viwili vya tepu nyeusi, vilivyokatwa vikubwa kidogo kuliko tundu na kukandamizwa kwa ncha ya kijiti cha mbao. Safisha plastiki kwanza kwa kitambaa kikavu, kwa sababu tepu ikibanduka ndani itaangukia kwenye njia ya filamu.

Kisha ulegevu wa roli. Watu huweka sponji kwenye chumba cha spuli ya kupokea, wakidhani inabana roli iliyokwisha kupigwa. Husaidia kidogo. Dawa yenyewe iko upande wa pili: kipande chembamba cha sponji, au kadibodi iliyokunjwa, chini ya spuli mpya, ili izunguke kwa shida kidogo. Ikizunguka kwa shida filamu inavutika, na filamu iliyovutika hujiviringisha kwa kubana. Jaribu kwa karatasi ya roli ya zamani kabla ya kuweka filamu nzima: ukizungusha kitufe unapaswa kuhisi ukinzani laini usiokatikakatika. Kikikwaruza, sponji ni nene mno.

Rangi ya ndani nayo ilihitaji kazi. Plastiki nyeusi ya ndani ya Holga inang'aa, na mwanga wa angani unaopita kwenye lenzi huzirukia kuta za chumba na kurudi kwenye filamu, ukiifanya picha iwe ya kijivu pale ilipopaswa kuwa na weusi. Tulipaka rangi nyeusi isiyong'aa inayochanganywa na maji, kwa brashi ndogo. Rangi za kupuliza zenye viyeyusho huweza kuila plastiki, na mvuke wake ukitua kwenye lenzi umeharibu kitu kisichosafishika. Ziba lenzi na shata kwa karatasi, paka koti nyembamba, acha ikauke siku kadhaa mgongo ukiwa wazi.

Kwa klipu tuliikunja ya kulia kidogo kwa koleo ili irudishe springi yake, na mkanda wa shingoni tukauondoa kwenye klipu kabisa. Sasa umefungwa kwenye kibati kilichoshikizwa na skrubu kwenye tundu la stendi, chini ya kamera. Kamera inaning'inia kichwa chini, jambo ambalo linaudhi macho, lakini hakuna kinachovuta mgongo.

Tuliposema tumemaliza upande ule, mpwa wangu akanishika mkono.

"Mjomba, ile ya chungwa usiizibe yote."

Nilibishana naye, na kwa muda mrefu. Mimi naamini mwanga uliovuja bila mpango unaiba picha kutoka kwa mpigaji, hata ukiwa mzuri. Yeye alileta picha moja ya mstari wa watu wanaotembea, ambapo mwali ulikuwa umewameza wa mbele na kuwaacha wa nyuma wazi, na sikuwa na jibu. Picha ile ilikuwa na nguvu. Tulikubaliana hivi: mshono wa kulia umefungwa kwa tepu iliyokunjwa ncha, iweze kubanduliwa na kurudishwa. Akitaka mwali, anaifungua juani huku klipu ikiwa imelegezwa kidogo, anahesabu, anaifunga. Uvujaji ukawa uamuzi wake. Kwa hilo naweza kuishi.

Lenzi hatukuigusa. Pembe zinafifia, kingo zinalainika, katikati panabaki pakali. Hiyo ndiyo sura ya lenzi ya kipande kimoja, na atakaye picha kali hadi pembeni ana kamera nyingi za kuchagua. Tulichofanya ni kuhakiki fokasi tu. Weka swichi kwenye B, fungua mgongo, nyoosha tepu ya ukungu inayopitisha mwanga kwenye kingo za dirisha ambapo filamu hukaa, shikilia shata wazi, tazama kitu cha mbali kwa lenzi ya kukuzia. Utaona mandhari imepinduka kwenye tepu. Alama ya milima ilitoa mstari mkali katikati, kwa hiyo pete ikaachwa ilivyo.

Swichi ya jua na mawingu, inayodaiwa kubadilisha ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga kwenye lenzi, ndiyo iliyonifanya nitoe kalamu. Tukiwa bado kwenye B, tuliisogeza huku na huku tukichungulia kutoka nyuma. Tundu halikubadilika. Inajulikana kwamba kwenye Holga za kabla ya 2009 swichi hiyo haina kazi: kitundu cha kudumu kilichoko nyuma yake ni kidogo kuliko kile inachokisogeza, na kamera hubaki karibu f/13 wakati wote (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Wako wanaotoboa kitundu hicho kiwe kikubwa ili swichi ipate maana. Nilikataa. Ukikitanua, lenzi hii hulainika kuliko inavyopendeza, na faida ni ndogo kuliko inayopatikana kwa kuchagua filamu.

Hesabu ni hii. ISO ni wepesi wa filamu kuhisi mwanga, na hatua moja ni mwanga kuzidi maradufu au kupungua nusu. Kwenye jua kamili, filamu ya ISO 100 kwa kasi ya 1/100 inataka f/16. Kamera inatoa f/13, yaani ziada ya kama nusu hatua, safi. Lakini ingia kwenye kivuli kilicho wazi, ambako mwanga hupungua karibu hatua tatu, na ISO 100 imepungukiwa hatua mbili na nusu. Negativu hiyo itatoka nyembamba, na kisichoandikwa kwenye filamu hakiwezi kutolewa na skana yoyote. Weka ISO 400. Juani ina ziada ya hatua mbili na nusu, na filamu ya negativu huvumilia ziada hiyo bila kulalamika. Kivulini inapungukiwa na kama nusu hatua tu. Filamu moja, kamera isiyorekebishika, na picha zinatoka pande zote mbili. Filamu ya slaidi, ambayo yenyewe ndiyo picha ya kutazama, ni suala jingine. Haisamehi ziada, kwa hiyo kwenye kamera hii isikaribie isipokuwa ni ya ISO 100 na jua limesimama.

Roli ya kupima

Roli iliyofuata haikuwa ya picha nzuri. Ilikuwa ya kupima. Kati ya fremu na fremu kamera iliwekwa juani, kifuniko cha lenzi kikiwa kimefungwa, kila mara upande tofauti ukilielekea jua: juu, chini, ubavu huu, ubavu ule, mgongo. Dirisha la namba lilikuwa na kipande cha tepu cha kufunika, kinachoinuliwa kivulini tu, wakati wa kusogeza filamu. Mpwa wangu aliandika kwenye karatasi upande wa kila fremu. Wengine huwasha taa ndogo ndani ya kamera iliyofungwa na kuizungusha gizani wakitafuta mng'ao. Ni njia ya haraka, ila huonyesha nyufa zilizonyooka tu, na mwanga unaoruka kutoka ukuta hadi ukuta hauonyeshi.

Mkanda uliporudi ulikuwa umekatwa vipande vyake, picha zikiwa na nafasi kati yake. Weupe wa ardhini haukuwapo. Kingo zilikuwa safi hadi fremu ya mwisho. Chungwa lilionekana kwenye fremu ambayo tepu ilifunguliwa kwa makusudi, na halikuonekana kwenye ile ambayo ubavu huohuo ulielekezwa juani ukiwa umefungwa. Weusi wa vivuli ulikuwa weusi kweli. Rangi ya ndani ilikuwa imefanya kazi.

Kilichobaki ni mstari mwembamba ulionyooka, ukipita kwenye picha zote kwa kimo kilekile, hata kwenye nafasi tupu kati ya picha. Mwanga hauchori hivyo. Ni mkwaruzo, umefuata njia ya filamu. Tuliurudia mkanda wa kwanza kwa lenzi ya kukuzia na kuukuta nao unao, umefichwa na ukungu. Kwa kimo kile tulipitisha ukucha kwenye ukingo wa dirisha la filamu na tukahisi kinundu kidogo cha plastiki kisichoonekana kwa macho. Msasa laini kabisa uliokunjwa kwenye kijiti ulikiondoa. Tulipaka tena rangi pale msasa ulipopita, tukapuliza vumbi lote nje kwa pampu ndogo ya mkono, na kamera imelala mgongo wazi ikisubiri ikauke.